Friji yenye lebo ya umeme: niliongeza 130,000, je, inarudi?

Kwa friji, hela hiyo inarudi kupitia umeme unaookoa. Naandika kutoka Shangani, Mtwara, ambako joto la pwani haliipi friji nafasi ya kupumzika, na nyumbani kwangu samaki hawakosekani. Chombo kinachokaa kwenye umeme usiku na mchana ndicho cha kukitazama lebo, yaani stika ya matumizi yake ya umeme, kabla ya rangi na milango.

Dukani zilikuwepo mbili za ukubwa mmoja; niliyonunua, yenye stika ya Ulaya, ilizidi nyingine kwa shilingi 130,000. Muuzaji alinisifia ile ya bei nafuu: "Dada, hii ni daraja la kwanza, haili umeme kabisa." Stika yake ilikuwa ya China, ambako 1 ndiyo bora. Kwenye stika za India ni kinyume, nyota 5 ndizo bora. Za Ulaya zinaanzia A hadi G. Ukilinganisha madaraja ya nchi tofauti utapotea. Tafuta namba ya kWh, maana kWh moja ndiyo uniti moja ya LUKU. Hapo napo angalia vizuri: stika ya China iliandika 0.8 kwa saa 24, ya Ulaya 180 kwa mwaka. Ukizidisha 0.8 kwa siku 365 unapata 292. Tofauti ni uniti 112 kwa mwaka.

Mimi niko kwenye tarifu (kundi la bei ya umeme) ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356. Kwa hiyo nabakiza karibu 40,000 kila mwaka, na zile 130,000 zinarudi kwa miaka mitatu na ushee. Friji nzuri hudumu zaidi ya hapo.

Dada yangu wa Chikongola hesabu yake ni nyingine. Yuko tarifu ndogo, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, kwa wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa bei hiyo zile 130,000 zingemrudia baada ya karibu miaka kumi. Ila taa, feni na runinga zake zinafika 55. Friji ya uniti 15 kwa mwezi inamwacha kwenye 70. Ya uniti 24 inampeleka 79, na ukizoea kuvuka unahamishiwa tarifu ya juu, uniti zote zinapanda bei. Nilimwambia anunue yenye lebo nzuri, na bado nasimamia hilo.

Jambo moja msidanganyike nalo: namba ya lebo ni ya maabara. Yangu ilitakiwa kula nusu uniti kwa siku. Nilizima vingine vyote nikasoma mita, na wakati wa joto inakaribia 0.7. Hata ile nyingine ingepanda vilevile, kwa hiyo pengo halipungui. Iachieni nafasi ya hewa nyuma, na mpira wa mlango ukilegea, badilisheni.

Friji za mtumba zenye A+ zinasifiwa sana mjini. Herufi hizo ni za mfumo wa zamani. Ulaya ilianza kuubadilisha Machi 2021, na iliyokuwa A+++ inaweza kuangukia C au D. Someni kWh.

Pasi na jagi la umeme, msiongeze hata mia kwa ajili ya stika. Hivyo vinageuza karibu umeme wote kuwa joto, bei yoyote mtakayolipa.