Uzoefu wangu na maikrofoni ya UMIK-1: besi ilikuwa inapotelea kwenye kochi

Nianze na aibu yangu. Niliuza sabufa (spika ya besi) ya inchi 8 kwa hasara, nikanunua ya inchi 12, na tatizo likabaki palepale. Kumbe kochi ndilo lililokaa mahali pabaya.

Sebule yangu iko ghorofa ya pili, kuta za tofali za saruji, juu zege, chini vigae. Kutoka ukuta wa televisheni hadi ukuta wa nyuma ni mita 4.2. Kochi lilikaa katikati, ili nyuma yake ipatikane njia pana ya kwenda jikoni. Nikiketi kusikiliza zilipendwa, gitaa la besi linatembea vizuri, lakini likishuka kwenye nota ya chini kabisa linatoweka, kama vile mpigaji kaenda kunywa maji. Wakati huohuo aliyesimama mlangoni pa jikoni analalamika kwamba kifua kinamtetemeka. Jirani wa chini naye alikuwa anafaidi kuliko mimi mwenye mali.

Fundi akaniambia niongeze besi kwenye ekwalaiza, yaani vidhibiti vya kupandisha au kushusha sauti nzito na nyembamba. Nikaongeza. Kila desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unazoongeza zinadai nguvu mara nne kutoka kwenye amplifaya. Vikombe vikaanza kugongana kabatini, na pale kwenye kochi bado pakavu. Mwingine akashauri trei za mayai ukutani. Sasa wimbi la besi ya 41 Hz, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 8, trei ya mayai italifanya nini? Nilijaribu hata kusimamisha godoro la sponji kwenye kona. Sauti za juu zilipoa kidogo, besi haikujua kama kuna godoro.

Ndipo tukachanga watu watatu tukaagiza UMIK-1, maikrofoni ya kupimia ya miniDSP, inayochomekwa kwenye kompyuta kwa USB. Kila moja ina namba yake, na kwa namba hiyo unapakua faili la kuisahihisha. Programu tuliyotumia ni REW, ambayo ni ya bure. Unaweka maiki pale kichwa kinapokaa, programu inatoa sauti inayoanza na mngurumo na kuishia na mluzi, halafu inakuchorea mstari unaoonyesha kila sauti, nzito hadi nyembamba, inafika pale kwa nguvu kiasi gani. Zima feni kwanza, maana kelele yake inaingia kwenye kipimo. Kwa joto la Dar, nilipima nikiwa nimelowa jasho.

Mstari ulionyesha shimo la desibeli 17 penye 41 Hz, na kilima penye 82. Hesabu yake ni nyepesi: sauti husafiri mita 345 hivi kwa sekunde, gawanya kwa mara mbili ya 4.2, unapata 41. Kwenye masafa hayo besi hujazana kwenye kuta zote mbili na kufutika katikati, na katikati ndipo nilipojiwekea kiti cha enzi. Penye 82 mambo yanageuka, katikati panajaa. Sasa 41 Hz ndio uzi wa E, ule mnene kuliko wote kwenye gitaa la besi la nyuzi nne. Kwa hiyo E ya chini ilikuwa inamezwa, na E inayofuata juu yake inapiga kelele.

Tulisogeza kochi nyuma sentimita 80. Shimo likabaki la desibeli 5, kilima kikashuka. Njia ya jikoni imebaki kama mita moja, na mama watoto bado hajanisamehe.

Kisha nikatambaa. Sabufa unaiweka juu ya kochi, unapiga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, halafu unazunguka kando ya kuta masikio yakiwa karibu na sakafu. Unapozisikia nota zote kwa uzito unaolingana, hapo ndipo sabufa ikae, kwa sababu sikio na spika vikibadilishana nafasi matokeo ni yaleyale. Hili halihitaji maikrofoni wala senti tano. Wanangu walidhani tunacheza farasi, mdogo akanipanda mgongoni.

Mwisho kabisa ndipo nikagusa ekwalaiza, nikapunguza desibeli 4 karibu na 64 Hz, kilima kinacholetwa na sakafu na dari. Kilima unaweza kukikata. Kujaza shimo ni kumimina maji kwenye pakacha.

Ubaya wa maiki yenyewe? Kimguu chake ni kifupi, nililazimika kuifunga kwenye mpini wa fagio. REW nayo ina vitufe vya kutisha, na jioni ya kwanza tuliimaliza bila kipimo kimoja cha maana. Nisingeinunua peke yangu, maana ukishapima inakaa kabatini. Hii yetu sasa iko kwa mwenzetu wa tatu.

Sabufa ya inchi 12 nimeipunguza hadi chini ya nusu. Ile ya inchi 8 ingetosha kabisa, ila aliyeinunua hataki kuirudisha. Nimeshamuuliza mara mbili.