Gari iligoma kuitambua funguo saa tano usiku, nusura nitoe laki nne na nusu

Wakuu, nianze kujilaumu mwenyewe maana gari nimeisingizia sana. Rimoti ilianza kuchoka taratibu, ukitaka kufungua mlango mpaka usogee karibu kabisa kama unataka kuinong'oneza, nikajua hii betri. Siku hiyo niko kwenye foleni ya Msimbazi Kariakoo, machinga kapita na zile betri bapa kama sarafu, buku jero, akanibadilishia hapo hapo dirishani. Betri ikawa inachezacheza ndani, jamaa akakunja kikaratasi cha pakiti ya sigara akakichomeka chini yake, akabana kifuniko, kitaa kikawaka. Nikamsifia kabisa kwa ubunifu.

Kuanzia hapo ikawa siku inakubali siku inagoma. Gari yenyewe ni ya kubonyeza batani, yuzdi kutoka Japani, na dashibodi mpaka leo inaongea Kijapani, kwa hiyo ikigoma inaandika maandishi ya kwao na kapicha ka funguo, mimi nabonyeza tena na tena mpaka inakubali, maisha yanaendelea.

Sasa Jumamosi tumetoka kwenye sendofu Sinza, saa tano usiku, mama Nasra na watoto wamejaa nyuma, mbele kakaa mama mkwe na hotipoti la pilau mapajani. Nabonyeza, kimya. Tena, kimya, na yale maandishi hayo yametoka. Nikayapiga na simu kwenye programu ya kutafsiri, inaniambia eti funguo haipo ndani ya gari. Funguo ninayo mkononi! Mama mkwe kanitazama kwa upole kabisa, "Baba Nasra, kama mafuta yameisha si useme tu baba."

Fundi wa kwanza, simtaji, alifika na bodaboda ndani ya dakika arobaini, hilo nampa. Akafungua rimoti akatoa betri akaipima na testa, ikasoma volti 3, akasema betri nzima kabisa hii. Akachomeka mashine yake chini ya stelingi, akabonyezabonyeza weee, hukumu ikatoka: kompyuta ya gari imesahau funguo, inatakiwa funguo mpya na kuiprogramu, 450,000, halafu gari ipande brekidauni usiku ule ule na hiyo brekidauni ni juu yangu. Aisee nilishashika simu nitume advansi.

Shemeji ndo akasema ngoja kwanza, ana jamaa yake wa Gerezani anashughulika na funguo za magari tu. Akampigia, sauti inatoka imejaa usingizi: "Kaka kanyaga breki. Umekanyaga? Haya, chukua rimoti, ule upande wenye nembo gusisha kwenye batani ya kuwashia. Usibonyeze kwanza. Imelia?" Ikalia tii, taa ya batani ikageuka kijani. "Haya bonyeza." Gari hiyooo ikawaka. Akasema usizime mpaka ufike kwako, akakata simu hata asante hajaisubiri.

Jumatatu nikamfuata kwenye kibanda chake. Akanielewesha kwamba ndani ya rimoti kuna kichipu ambacho hakitegemei betri, ukikisogeza kwenye batani kinapata umeme kidogo kutoka kwenye koili ya hapo na kinataja namba yake, kwa hiyo gari ingekuwa imesahau funguo kweli, hata ungegusisha mpaka asubuhi isingewaka. Nikamkumbuka yule mwenzake na mashine yake nikacheka peke yangu.

Halafu akafungua rimoti, kikaratasi kikamdondokea mapajani kimelowa jasho la mfukoni. Akakiangalia, akaniangalia, hakusema kitu. Betri imeandikwa CR2025, wakati ndani ya rimoti pameandikwa CR2032. Kumbe zile namba zina maana yake, 20 ni upana kwa milimita, 25 ni unene wa 2.5 na 32 ni 3.2, yaani yangu imepungua milimita 0.7 tu. Betri ilikuwa nzima kweli, testa haikudanganya, ila haishiki vizuri kwenye ule ulimi wa bati, ukikalia funguo inashika, ukiiweka kwenye kikombe cha gari inaachia. Akanyanyua ulimi kwa bisibisi ya saa, akafuta na pamba yenye spiriti, akaweka CR2032, tumemalizana kwa elfu 20 kila kitu.

Akanionyesha pia ile funguo ya chuma iliyojificha ndani ya rimoti na tundu lake mlangoni lililofunikwa na kifuniko, miaka miwili nina hii gari sijawahi kuliona. Na akaniambia niache kuweka rimoti mfuko mmoja na simu na pawabenki, nilipuuza, wiki ile ile ikanigomea sheli Mwenge, nikatoa funguo mfuko wa simu, ikawaka. Toka siku ile haijarudia.

Mabaya ya jamaa: aliniambia saa tatu akafungua saa tano kasoro, risiti hana, na pa kupaki hakuna, nimezunguka Gerezani mara tatu mpaka nikamwachia dogo mmoja buku anilindie. Kwa kazi yenyewe lakini nampa tisa kwa kumi.

Yule wa kwanza bado ananitumia meseji, jana asubuhi tena: "Boss vipi ile funguo, niagize au?"