Tegu wangu wa kwanza: muuzaji aliyekataa kuniuzia ndiye niliyemwamini

Naishi Columbus, Ohio, na tegu wangu, mjusi mkubwa wa kufugwa, ana miaka miwili sasa. Nilipompigia mama simu Tanga kumwambia, aliuliza, "Mwanangu, kenge ndani ya nyumba?" Kwa sura wanafanana kweli, lakini ni koo mbili tofauti. Tegu asili yake ni Amerika Kusini, na wangu ni yule mweusi na mweupe wa Argentina. Nilimchagua kwa sababu akizoeshwa tangu mdogo huwa mtulivu kuliko tegu wa Colombia.

Muuzaji wa kwanza nilimkuta kwenye maonyesho ya wanyama. Nilimwachia dola 50 za kishika uchumba kabla sijamwangalia mnyama vizuri, kosa langu hilo. Nyumbani nikazikuza picha nilizopiga: kwenye vidole viwili kulikuwa na pete za gamba la zamani, kavu, zimebana. Gamba likikwama hivyo huzuia damu, na kidole kinaweza kukatika. Pembeni mwa jicho kulikuwa na vidoa vyeusi vinavyotembea. Utitiri! Nikamuuliza ameanguliwa lini, wazazi wake wako wapi. Hakuwa na jibu, na hela yangu hakurudisha.

Wa pili ni mzalishaji mdogo anayefugia nyumbani kwake. Huyu alikataa kuniuzia. Alitaka kwanza aone picha ya banda, taa ya UVB (inayotoa mionzi kama ya jua), na vipimajoto vikiwa vinasoma: sehemu ya kuotea joto kama nyuzi 43, upande wa pili nyuzi 25 hivi, unyevu asilimia 70 au zaidi. Akaniuliza pia nimepanga kumweka wapi akiwa mkubwa, maana tegu hufika mita 1.2 na zaidi, anaishi miaka 15 hadi 20, na anahitaji banda la mita 2.4 kwa 1.2. Moyoni nilikasirika kidogo. Wiki tatu baadaye banda lilikuwa tayari, nimejaza udongo wa kutosha wa kuchimba, na nikamlipa dola 250. Banda lenyewe lilinigharimu zaidi ya mara tatu ya hapo, kwa hiyo jipange.

Alinionyesha mama na baba wa yule kinda, akanipa tarehe ya kuanguliwa na orodha ya vyakula alivyozoea: wadudu, mayai, samaki, nyama ya bata mzinga iliyosagwa na kalisi juu yake. Majira ya baridi ya kwanza akajifukia, akaacha kula kwa wiki kadhaa. Nilishikwa na hofu. Mzalishaji alinijibu usiku uleule: ni usingizi wao wa baridi, mpime uzito, mwachie maji.

Jambo moja zaidi: soma sheria ya jimbo lako kabla hujatoa hata senti. Florida wamemweka tegu kwenye orodha ya wanyama waliopigwa marufuku tangu 2021, kwa sababu waliotoroka wamezaliana porini na wanakula mayai ya wanyama wa huko.

Kuhusu jinsia, mzalishaji alikataa kuahidi chochote kwa kinda mdogo vile. Nilishukuru kwa ukweli huo. Mwezi uliopita mashavu yameanza kujaa na kuning'inia, kwa hiyo ni dume.