TAHADHARI: Muuza malighafi za keki anayefungasha upya "zafarani ya Iran" na "siagi ya New Zealand"

Wapendwa waokaji wenzangu, hasa mnaotegemea jiko la nyumbani kulipa ada na kodi ya nyumba: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram hapa Dar es Salaam, na sasa anapokea hadi oda za mikoani. Anauza zafarani, siagi, hamira, vanila, kakao na krimu za kupambia. Anayekutana naye mara ya kwanza haoni kasoro. Ndiyo maana naandika kwa kirefu, kwa sababu tukisema tu "mwogopeni tapeli" kila mtu anaitikia, kisha anakwenda kununua kwake.

Jina simtaji na namba siiweki. Jina analotumia analibadilisha kila akishtukiwa, na laini anazopokelea fedha zimesajiliwa kwa majina ya watu tofauti, ambao wengine huenda hawana habari. Nikibandika namba hapa nitamchafua mtu asiyehusika wakati mwenyewe ameshahama. Namba zote nimezikabidhi polisi. Nyie nawapa mwenendo wake, maana huo haubadiliki.

Huingia grupu kimya kimya, kisha anaanza kugawa mapishi bure. Skonsi, keki ya karoti, mkate wa kumimina, kila kitu kimepimwa kwa gramu na picha zinatamanisha. Anajibu maswali hata saa sita usiku: keki yangu imepasuka juu, maandazi yangu yananyonya mafuta, nifanyeje? Anajibu vizuri, tena kwa upole. (Mapishi yenyewe si yake. Mwenzetu mmoja aliyakuta neno kwa neno kwenye ukurasa wa mpishi wa Mombasa, picha zilezile, meza ileile ya marumaru. Lakini nani ana muda wa kuhoji mapishi ya bure?) Baada ya muda anaitwa mwalimu. Na mwalimu akitangaza kuwa anauza hamira, hakuna anayemwuliza duka liko wapi.

Oda ya kwanza ni chambo. Unaagiza vitu vidogo, vinafika siku hiyohiyo vikiwa kwenye pakiti za kiwandani, tarehe zinaonekana, hakuna kilichoguswa. Anakuomba upige picha ya mzigo na umsifie kwenye grupu. Hapo hajakupa bidhaa tu, amenunua sifa yako kwa bei ya pakiti moja ya bekin pauda, na sifa hiyo ndiyo atakayowaonyesha wanaofuata.

Kisha msimu unafika. Wiki za mwisho za Ramadhani, au Desemba, wakati oda zinazidi uwezo wa oveni na madukani foleni ni ndefu. Hapo inaingia sauti: "Mabosi zangu, mzigo umeingia." Kila sauti yake huanza hivyo, na ndiyo iliyotusaidia kumtambua alipohamia grupu jingine kwa jina jipya. Bei iko chini, ila ni kwa watakaolipa kabla ya jioni, na fedha ziende kwenye namba nyingine kwa kuwa ile ya biashara "imejaa". Ukianza kutuma, kabla hujaweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la mwanamume usiyemjua. Ukiuliza, ni mhasibu wake. Kwenye grupu la wenzetu wa Kigamboni alikuwa mume. Tabata alikuwa shemeji.

Safari hii bodaboda analeta vifuko vya plastiki vilivyofungwa kwa moto wa mshumaa na vindoo vyeupe visivyo na maandishi. Bodaboda hajui lolote, ameambiwa apeleke mzigo. Maelezo ya muuzaji ni kwamba bidhaa inakuja kwenye magunia na makatoni makubwa, yeye anatupimia ili na sisi wadogo tupate. Maneno ya huruma hayo.

Nianze na zafarani, kwa sababu hapo wizi ulikuwa wazi kuliko pengine pote. Aliuza gramu 10 kwa shilingi 15,000, "original ya Iran". Ni kweli Iran ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya zafarani ya dunia, kwa hiyo jina alilichagua vizuri. Sasa tupige hesabu. Zafarani ni zile nyuzi tatu nyekundu zilizo katikati ya ua, zinachumwa kwa mkono, kisha zinakaushwa na kupungua uzito. Gramu moja iliyokauka inahitaji maua 150 hivi. Gramu 10 ni maua 1,500. Kwa shilingi 15,000, kila ua limeuzwa shilingi 10, na hapo bado hatujalipa mchumaji, ndege, ushuru, wala faida ya muuzaji wetu. Haiwezekani. Hata angekuwa anauza kwa hasara ya makusudi, haiwezekani.

Niliijaribu kwenye glasi ya maji baridi. Zafarani ya kweli haina haraka: inatoa rangi ya dhahabu taratibu, na hata baada ya robo saa uzi wenyewe bado ni mwekundu. Hii ilitema wekundu papo hapo, maji yakawa kama sharubati, na nyuzi zikabaki nyeupe. Uzi wa kweli pia una umbo lake, ncha moja imepanuka na nyingine ni nyembamba. Ukiuonja una harufu nzuri lakini ulimini ni mchungu kidogo. Ukikuta utamu, ujue kuna sukari au asali iliyopakwa ili kuongeza uzito. Vifuko vyake vilikuwa na vitu viwili vimechanganywa. Kimoja kilifanana na petali za kartamu, lile ua ambalo kwingi duniani huuzwa kama zafarani ya maskini. Kingine, kwa jicho langu, ni nywele za mahindi zilizotiwa rangi. Kartamu haina ubaya ikiuzwa kwa jina lake. Ile rangi ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Hakuna anayejua kama ni ya chakula au ni ya kutia vikapu, na watu wameinywesha kwenye maziwa ya watoto.

Siagi nayo ilikuwa na kisa chake. Ndoo ya kilo, njano inayovutia, "ya New Zealand". Siagi kwa viwango vya kimataifa ni mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80. Ukiiweka kwenye friji inakuwa ngumu kabisa, kisu kinahangaika. Ukiitia mdomoni inayeyuka na kuisha. Ukiiyeyusha kwenye kikaango kwa moto mdogo inatoa povu, chembe za maziwa zinashuka chini na kugeuka kahawia, jikoni kunanukia. Hii yetu ilitoka frijini ikapakika kwenye mkate palepale, na kikaangoni ilibaki mafuta ya njano yaliyotulia. Krimu yake ya keki ilikuwa inaacha utando kwenye kaakaa. Ni majarini. Wengi wetu tunaoka kwa majarini na keki zinatoka vizuri, sina ugomvi nayo, lakini usiniuzie kwa bei ya siagi, halafu mimi nimwandikie mteja wangu "siagi tupu" na yeye anilipe kwa imani hiyo.

Kwenye hamira waliumia wengi. Hamira kavu inapokaa kwenye joto na hewa inakufa, na kwenye kifuko cha kupima huwezi kuona tarehe. Jirani yangu aliloweka mchele, akakamua tui la nazi mbili, akasaga na iliki, akamimina hamira ile na kufunika asubuhi. Hadi adhuhuri mchanganyiko haujatoa hata tundu moja. Mkate wa kumimina wa futari ya wageni ukawa uji mtamu. Kwa hiyo, hata kama umenunua kwa mtu unayemwamini, ijaribu kwanza: nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kijiko cha chai cha sukari, kijiko cha hamira, funika. Ikiwa hai, ndani ya dakika 10 hivi utaona povu limepanda na harufu ya mkate. Maji yasiwe ya moto wa kuunguza kidole, maana hayo yanaiua hata iliyo nzima, na muuzaji wetu hutumia kisingizio hichohicho: "ulitumia maji ya moto, mpenzi."

Vanila nipite haraka. Chupa ya maji meupe yenye harufu kali ni vanilini ya kutengenezwa kiwandani. Inaruhusiwa, ni nafuu, kwa keki ya kawaida inatosha. Yeye aliitia rangi ya kahawia na punje nyeusi akaiita "vanila ya Bukoba". Vanila ya Kagera ipo kweli na ni nzuri: maganda meusi yenye kung'aa kidogo, laini, yanapindika bila kukatika. Anayeuza maganda makavu yanayovunjika kama njiti anakuuzia makapi. Na kwa wenzangu wanaouliza uhalali wake kidini: vanila halisi ya maji kwa kawaida hukamuliwa kwa pombe. Ukiambiwa ni "original" na haina pombe kabisa, uliza imekamuliwa kwa nini. Anayeijua bidhaa yake atakujibu gliserini, au atakushauri ganda au unga wake. Huyu alijibu kwa emoji.

Ukilalamika, hatua zake ni zilezile. Kwanza oveni yako ndiyo mbovu. Pili umehifadhi vibaya. Tatu wanajitokeza "wateja" wanne watano kumtetea, wote wamejiunga siku moja, wote wanamwita mwalimu. Ukiendelea, unatolewa kwenye grupu, kwa kuwa wakati huo ameshafanywa admini.

Wa mikoani wao hawafikiwi hata na vifuko. Dada mmoja wa Dodoma alilipia kilo kadhaa za siagi na krimu, akatumiwa picha ya risiti ya kifurushi cha basi. Alipofika stendi, namba ya risiti ilikuwa ya mzigo wa mtu mwingine, wa siku nyingine. Aliyeagiza kutoka mbali ampigie wakala wa basi mwenyewe na kumsomea namba ya kifurushi kabla ya kutuma fedha ya mwisho. Picha si mzigo.

Kuna waliosema walioibiwa wamejitakia kwa kupenda vya rahisi. Hapana. Anayeoka nyumbani faida yake ni hiyo hiyo ya mia mbili tatu kwenye kila skonsi, lazima atafute bei. Wala sisemi msinunue vya kupima. Kariakoo wapo wauzaji wa miaka mingi wanaopima, lakini wanakufungulia katoni mbele ya macho yako, unasoma tarehe, unanusa, ndipo wanaweka kwenye mizani. Kwa muuzaji wa mtandaoni dai kitu kilekile: video ya pakiti inafunguliwa, tarehe ionekane, ataje jina lako na siku ya leo. Tulimwomba video hiyo. Alisema simu yake kamera imeharibika, siku aliyoweka statasi saba za keki.

Kama umeshatuma fedha na unahisi mambo siyo, usianze kubishana naye kwanza. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uombe muamala uzuiwe kabla hajautoa. Dakika chache zinaweza kuamua. Usifute sauti wala ujumbe, hata wa matusi. Namba ya tapeli ipeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, na ukafungue jalada polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu mambo haya, usikubali kurudishwa nyumbani eti "mmalizane wenyewe". Kwa bidhaa zenyewe, TBS, shirika la viwango, ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu jukumu hilo lilipohamishwa kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019.

Mimi nimebakisha vifuko viwili vya zafarani ambavyo sijavifungua, pamoja na ndoo ya siagi, na navipeleka TBS wiki hii. Aliyenunua kwake naye asitupe: mfuko, kamba, karatasi aliyoandika kwa mkono, vyote viwekwe. Kama kwako kulikuwa na kakao au krimu, niandikie inboksi na picha ya kifuko na ya muamala, ufiche namba yako ya kitambulisho, ili malalamiko yaende kwa pamoja. Na kama kwenye grupu lako kuna mwalimu mpya anayeanza na "Mabosi zangu", mwombe ile video.