Programu ya kupiga picha swali la hesabu: uzoefu wangu wa miezi miwili

Mimi ni fundi paa, naishi Majengo hapa Moshi. Binti yangu yuko kidato cha pili, na kilichomkaba mwaka huu ni milinganyo ya mstari, ile y = mx + c, pamoja na habari za mteremko, yaani m, mstari unapanda au kushuka kiasi gani kwa kila hatua ya x. Tuisheni nayo imepanda bei. Kwa hiyo nilipooneshwa programu ya simu inayotatua swali ukilipiga picha tu, nikalipia. Elfu tisa kwa mwezi, bando juu yangu.

Sifa zake zipo, nisiwe mchoyo. Swali lililochapwa kitabuni inalisoma mara moja, na hatua zinashuka moja moja: hamisha namba, gawanya pande zote, hili hapa jibu. Milinganyo miwili yenye x na y sikuona ikiikosea. Binti akawa anamaliza kazi za shule kabla ugali haujaiva, nami nikajua hela yangu imefika mahali pake.

Kasheshe ni mwandiko. Jioni moja alinakili swali kwa penseli: tafuta mlinganyo wa mstari unaopita kwenye nukta (2, 3) na (6, -5). Taa hafifu, kivuli cha mkono juu ya daftari, programu ikaimeza ile alama ya kutoa. Ikasoma (6, 5), ikatoa mteremko wa nusu na mlinganyo y = ½x + 2. Kwa swali ililolisoma yenyewe, imepatia kabisa! Binti akanakili hivyohivyo, kesho yake akarudi na kosa la wino mwekundu. Mteremko sahihi ni -8 kugawanya kwa 4, yaani -2, na mlinganyo ni y = -2x + 7.

Kamera kukosea sikujali sana. Nilimuuliza, "Ukitoka 3 kwenda -5, umepanda au umeshuka?"

"Nimeshuka, baba."

"Na mstari wako huu?"

Kimya. Miezi miwili ya majibu, na hajui kama mstari unapanda au unashuka.

Jirani yetu mwalimu ndiye aliyetuwekea GeoGebra, programu ya kuchora mistari ya hesabu. Ni ya bure. Aliianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa anasoma Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Unaandika y = mx + c, inakuletea vijiti viwili vya kuburuta kwa kidole, kimoja cha m, kingine cha c. Buruta m, mstari unasimama zaidi. Irudishe hadi sifuri, unalala kama ubao uliopimwa kwa pimamaji. Ipitishe sifuri, unainamia upande wa pili. Nilizima data makusudi nione, ikaendelea kufanya kazi.

Hapo nami nikapata la kusema, maana slopu ndiyo kazi yangu. Nikamchorea kenchi, zile mbao zinazobeba paa: nyumba ya upana wa mita 6, ukuta mita 3, kofia ya paa, pale juu kabisa pande mbili zinapokutana, mita 4 kutoka chini. Upande wa kushoto unapanda mita 1 kwa kila mita 3, kwa hiyo, ukipima x kuanzia ukuta wa kushoto, y = ⅓x + 3, na ile 3 ni ukuta wenyewe. Upande wa kulia akauingiza mwenyewe: y = -⅓x + 5. Akasimama.

"Baba, hii 5 imetoka wapi? Nyumba yetu haina mita 5."

Swali zuri kuliko yote aliyoniuliza mwaka huu. Nikamwambia arefushe bati la kulia kuelekea kushoto, lipite kofia, liende hewani mpaka juu ya ukuta wa kwanza. Linaukata mhimili wa y, ule mstari wa wima unaopita kwenye ukuta huo, kwenye 5. Kisha akagusa pale mistari inapokutana, simu ikaandika (3, 4). Ndiyo kofia, na ndiyo jibu la milinganyo miwili aliyokuwa akiipiga picha kila jioni.

Mwezi wa tatu sikulipia. Ile ya picha imebaki simuni kwa sehemu yake ya bure, ya kuhakiki tu, akishachora mstari mwenyewe. Wewe ukitaka kuilipia, piga picha mchana, andika kwa kalamu ya wino, na kabla ya kunakili jibu soma kwanza swali ambalo programu imeliandika juu yake.