Kisutu cha bibi kilipotoka buluu

Picha ya bibi yetu haizidi kiganja, na kingo zake zina menomeno kama stempu. Amesimama mlangoni kwake Wete, Pemba, kajitanda kanga ya kisutu, na mbele ya miguu yake jamvi limejaa karafuu. Ndiyo picha pekee tuliyonayo ya bibi, kwa hiyo nilipotaka kuitia rangi niliogopa kuiharibu.

Nilianza na programu ya simu, ya bure. Kwa sekunde chache bibi akatoka ana rangi, na uso wake, wallahi, ulinitoa machozi. Mashavu yalipata damu. Lakini kipini chake cha puani hakipo, kimefutwa kama doa. Karafuu zote zimekuwa kijani kama mchicha. Kisutu buluu!

Shangazi aliishika simu, akaisogeza mbali na macho. "Kisutu kina buluu wapi, mwanangu? Kisutu ni chekundu na cheusi na cheupe."

Picha ya zamani imehifadhi mwanga na kiza tu. Nyekundu na buluu zikilingana kiza, zote hutoka kijivu kimoja. Programu imefunzwa kwa picha nyingi za rangi, basi hukisia kwa ilichozoea kuona, na visutu naona haikuvizoea.

Nikaenda kwa kijana mwenye studio Chake Chake, nikamchukua na shangazi. Hapo ndipo nasema pesa yangu, shilingi 20,000, imefanya kazi. Aliipitisha picha kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, akaweka nakala kando isiguswe, akatoa mikwaruzo mmojammoja huku akiuliza, "Hiki kipini au doa?" Kisha akapaka rangi tabaka kwa tabaka, shangazi kaketi ubavuni. Karafuu zilichukua muda kuliko uso. Shangazi alinyoosha kidole: hizi nyeusi za pembeni zimeshapigwa na jua siku mbili tatu, zitie hudhurungi, hizi za katikati zimechumwa leo, zina kijani na wekundu kidogo kichwani. Mimi nilikuwa naiona picha ile tangu utotoni na sikuwahi kujua kuwa jamvini mna karafuu za siku mbalimbali.

Ukienda, nenda na mzee anayekumbuka, na uende mapema.

Mlango tumeuacha kijivu. Shangazi hakumbuki ulikuwa wa rangi gani, na wakubwa zake wote wameshatangulia.