Boti ya spidi Forodhani: nzuri, ila mwambie nahodha apunguze

Juzi tumekodi faiba, yaani boti ya spidi, ya peke yetu pale ufukweni karibu na Forodhani, Zanzibar, mie, mke wangu, watoto na shemeji yangu kaja kutoka Tanga, na niseme mapema tu, hela imekwenda pahala pake ila sio kwa sababu ya mbio. Mbio faida yake moja, kisiwa cha Changuu mnafika watoto hawajaanza kulalamika, zile boti za mbao za kuchangia zinachukua kama nusu saa na kabla ya hapo mnakaa juani mkisubiri zijae.

Utamu wenyewe upo mwanzo kabisa na watu wengi wanaupita mashine inanguruma. Mji Mkongwe uso wake umeelekea bahari, ukiwa nchi kavu majumba unayaona vipande vipande. Sie tulimuomba nahodha azime mashine tukaelea tu. Beit al Ajaib, Jumba la Maajabu la Sultani Sayyid Barghash, hiyo, ya 1883, ambayo tangu ilivoporomoka sehemu ya mbele Disemba 2020 ukiitazama roho inauma, huku Ngome Kongwe, huku Kasri la masultani, halafu ile Dispensari ya zamani na roshani zake za mbao, mashaallah. Na maji hayo hayo mnayoelea ndo ilipozamishwa Glasgow, meli ya Sultani, tarehe 27 Agosti 1896, vita vyenyewe na Waingereza hata saa moja havikutimia na Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, akakimbilia kwa Wajerumani. Nahodha wetu kijana mzuri, boti anaijua, lakini haya hakuyagusa kabisa mpaka shemeji alipoanza kuuliza na mie ndo nikawa mtembeza watalii. Jamani kwa bei ile si mngemfundisha hata hadithi mbili tatu?

Changuu yenyewe mnaijua, kobe wakubwa ambao asili yao wale walioletwa kutoka Shelisheli 1919, na gereza la miaka ya 1890 ambalo halikufunga mfungwa, likaishia kuwa karantini. Watoto walitaka wabaki na kobe mpaka magharibi. Ada ya kuingia kisiwani mnalipa mbali na hatukuambiwa wakati wa kupatana, hilo sikulipenda. Laifujaketi za watoto nazo zilitolewa baada ya kuzidai, hili ndo baya zaidi, na spika ile ya mziki heri wangeiacha nyumbani. Kisiwa cha Chapwani tumekizunguka tu bila kushuka, kule kuna makaburi ya mabaharia wa Pegasus, manowari ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani Septemba 1914.

Nendeni asubuhi. Mchana kusi likishika maji yanachafuka na faiba inapiga kwelikweli, mwenye mgongo asithubutu. Muulize pia maji yanakupwa saa ngapi, mana fungu la mchanga la Nakupenda yakijaa linamezwa lote, utalipia kuangalia bahari. Papasi, wale madalali wa watalii, watakufata njia nzima, we tafuta mwenye boti mpatane naye mwenyewe, visiwa vingapi, saa ngapi kurudi, mafuta na ada nani analipa, ndo mpande. Na mkitaka kuongeza kisiwa cha Bawe semeni kabla hamjaondoka, mkisha kuwa baharini bei inakuwa nyengine.